Malaria inapopanda kwenye kichwa

Wandugu, mimi nilisomea kilimo, si munganga. Lakini huku Kabambare mutoto akishikwa na ndege, akikakamaa, wengi wanasema amelogwa. Inaweza kuwa malaria tu. Chembe za damu zenye vijidudu zinanata ndani ya mishipa midogo ya ubongo, kama matope yanavyoziba mufereji wa mupunga. Ubongo unavimba, lakini fuvu halipanuki. Sehemu inayoongoza pumzi inabanwa, mutoto anaacha kupumua. Blantyre, Malawi, walipiga picha za ubongo wa watoto wagonjwa. Matokeo yalitoka 2015: kati ya 25 waliokufa, 21 ubongo wao ulikuwa umevimba sana. Na anayepona anaweza kubaki na kifafa ao shida ya masomo. Homa ikianza, tukimbie kituo cha afya siku ile ile. Tusingoje ndege.