Mpira wa mwanao unakata kulia? Usimfokee, usome mpira kwanza

MIAKA ya nyuma gofu ilionekana mchezo wa wazee wenye nafasi zao. Siku hizi Jumamosi asubuhi, kuanzia Lugalo na Gymkhana jijini Dar es Salaam hadi Arusha, Moshi na Morogoro, utawakuta watoto wamebeba fimbo, baba au mama akiwa nyuma yao.

Hapo ndipo penye tatizo. Mtoto akipiga mpira mmoja vibaya, mzazi anatoa maelekezo matano: inamisha kichwa, nyoosha mkono, piga taratibu, kunja magoti, tazama mpira. Mpira wa pili unakuwa mbaya zaidi, sauti ya mzazi inapanda, na mtoto aliyekuja akicheka anarudi nyumbani amenuna. Wapo wanaoacha mchezo kabisa kwa sababu ya midomo yetu, wala si kwa kushindwa.

Mzazi, kabla hujasema neno, utazame mpira. Unavyoruka ndivyo unavyoeleza kosa liko wapi.

Mpira unaeleza nini

Tuchukue mtoto anayetumia mkono wa kulia. Upande ambao mpira unaanzia safari yake hutokana zaidi na uso wa fimbo ulikoelekea wakati wa kugonga. Kule unakopinda baadaye hutokana na tofauti kati ya uso huo na njia ambayo fimbo ilipita.

Mpira ukipinda kulia, maana yake uso wa fimbo ulikuwa wazi kuelekea kulia kuliko njia ya fimbo. Hili ndilo tatizo la wachezaji wengi wanaoanza, watoto kwa watu wazima.

Anza na mshiko. Mwambie asimame kama anataka kupiga, kisha atazame mkono wake wa kushoto. Kama anaona kifundo kimoja tu cha vidole, au haoni hata kimoja, mkono umegeukia kushoto kupita kiasi. Augeuze kidogo kulia mpaka aone vifundo viwili au vitatu. Mshiko mpya utamkera siku za mwanzo, hiyo ni kawaida. Mpe mipira 20 au 30 bila kubadilisha kitu kingine chochote.

Kama mshiko uko sawa na mpira bado unapinda, tazama anasimamaje. Mtoto akiona mpira unakwenda kulia, hujielekeza kushoto ili afidie. Mabega yakielekea kushoto, fimbo nayo inakatiza mpira kutoka nje kuja ndani, na mpira unapinda zaidi. Ni dawa inayozidisha ugonjwa. Laza fimbo moja chini ielekee anakolenga, apange vidole vya miguu sambamba nayo, mabega pia.

"Umeinua kichwa!"

Mpira ukibiringika chini badala ya kuruka, uwanja mzima hupiga kelele kwamba mtoto ameinua kichwa. Mara nyingi kichwa hakina kosa. Mtoto amejaribu kuuchota mpira ili upande juu, hivyo akakunja mikono au akanyooka mwili mzima, na kichwa kikafuata.

Mweleze kwamba uso wa fimbo umelazwa na kiwanda, na huo ndio unaoinua mpira. Kazi yake yeye ni kuipitisha fimbo chini. Ondoa mpira, mwambie afagie nyasi kwa fimbo mara kumi, asikie sauti ile ile kila mara. Kisha rudisha mpira.

Kama fimbo inachimba udongo kabla ya kufika kwenye mpira, huenda uzito wa mwili umebaki mguu wa nyuma. Chora mstari kwa chokaa, apige bila mpira, muone nyasi zimekatika wapi. Kwa fimbo za chuma zikatike kwenye mstari au mbele yake kidogo. Akimaliza pigo, uzito uwe mguu wa mbele na kisigino cha nyuma kiwe juu.

Huenda kosa ni la fimbo

Wengi wetu huwapa watoto fimbo zetu za zamani, tukazikata ziwe fupi. Ukiikata fimbo, mpini unakuwa mgumu zaidi na kichwa kinabaki na uzito ule ule. Mtoto akishindwa kuishika kwa mkono mmoja na kuinyoosha mbele yake kwa sekunde chache, ni nzito kwake. Hapo hata kocha bora atahangaika bure. Heri fimbo tatu au nne za saizi yake kuliko begi lililojaa za baba.

Si kila pigo la ajabu ni bovu

Jim Furyk wa Marekani huzungusha fimbo kwa namna ambayo hakuna kitabu kingeifundisha. Baba yake, Mike, alikuwa mwalimu wa gofu, lakini hakumbadilisha. Furyk akashinda US Open mwaka 2003, na mwaka 2016 akamaliza raundi moja ya ligi ya PGA kwa mapigo 58. Phil Mickelson hutumia mkono wa kulia kwa mambo mengine, ila gofu hucheza kwa kushoto, kwa sababu alijifunza akiwa amesimama mbele ya baba yake na kumuiga kama kwenye kioo. Kama mpira unakwenda unakotakiwa na mtoto haumii, muache.

Akilalamika mgongo, kiwiko au kifundo cha mkono, hilo si suala la kurekebisha pigo. Mpumzishe, na maumivu yakiendelea mpeleke hospitali. Mtoto asifundishwe kucheza na maumivu.

Wewe ufanye nini?

Chukua simu, mrekodi mara mbili: ukiwa mbele yake kifuani, na ukiwa nyuma ya mstari anakolenga, simu ikiwa usawa wa mikono. Tazameni pamoja taratibu, na muulize yeye kwanza anaona nini. Chagueni jambo moja la wiki hiyo, mengine yasubiri. Tatizo likidumu, mpeleke kwa kocha wa klabu ukiwa na video zako, kisha muache kocha afanye kazi yake. Mtoto mwenye makocha wawili wanaopingana hana kocha.

Na mkiwa njiani kurudi nyumbani, usianze na mipira iliyopotea. Muulize ni pigo gani amelifurahia leo. Jibu lake litakuambia kama Jumamosi ijayo atataka kurudi.