Mazoezi Makali ya Video Nyumbani: Utazamie Nini?

  Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo pengine hamkulitazamia katika kipindi hiki, nalo ni mazoezi ya viungo. Hatusemi juu ya mazoezi ya uwanjani, bali yale ambayo mtu huyafanya sebuleni mwake, akimfuata mwalimu anayeonekana katika televisheni au katika simu.

Watu wa Thika na Ruiru wanayajua mazoezi haya. Wengi wetu huondoka nyumbani alfajiri kwenda kufanya kazi Nairobi, na kurudi giza limekwisha kuingia. Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa rasmi mwaka 2012, majumba ya ghorofa yalizidi kuongezeka kando yake. Lakini tazama maisha yetu yalivyo. Mtu akaa ndani ya matatu, akaa kazini mchana kutwa, akaa tena ndani ya matatu, kisha afika nyumbani na kukaa mezani. Miguu aliyopewa aitumie, aitumia kupandia ngazi tu.

Halafu ukaja mwaka 2020 na ugonjwa wa korona. Tarehe 6 Aprili mwaka huo Serikali ilitangaza kwamba watu wasitoke wala wasiingie eneo la Nairobi na viunga vyake, na mpaka wa upande wetu ukawekwa kwenye daraja la Mto Chania, hapa Thika. Usiku kulikuwa na kafyu, na vyumba vya mazoezi vilikuwa vimefungwa. Amri ile ya mipaka iliondolewa mwezi wa Julai, lakini katika miezi ile mitatu watu wengi walikuwa wamejifunza kusogeza meza na viti, na kuruka mbele ya picha.

Jambo lenyewe si geni. Huko Marekani, Jack LaLanne alianza kuwafundisha watu mazoezi kwa televisheni mwaka 1951. Mwaka 1982 mchezaji wa filamu Jane Fonda alitoa kanda yake ya video, na akina mama wengi wakaifuata majumbani mwao. Mwaka 2009 ikatoka programu ya mwalimu aitwaye Shaun T, iliyo na jina la Insanity, maana yake wazimu. Msishtushwe na jina hilo. Wenye kuuza walitaka kusema kwamba mazoezi haya ni makali kupita kawaida, na kwa hilo walisema kweli.

Basi, mtu akianza programu kama hii, atazamie nini? Nitaichukua hiyo ya mwaka 2009 iwe mfano, kwa maana nyingi zilizokuja baadaye zinafanana nayo.

Programu hii ni ya siku 60. Mtu hufanya mazoezi siku sita za juma na kupumzika siku moja. Hahitaji vyuma wala mashine, bali nafasi ya kutosha kunyosha mikono na miguu. Mwezi wa kwanza kila kipindi huchukua dakika 40 hivi. Kisha huja juma moja la mazoezi mepesi ili mwili upate nafuu. Mwezi wa pili vipindi huwa vigumu zaidi, na vingine huchukua karibu saa nzima.

Siri ya ukali wake ni hii. Katika mazoezi ya kawaida ya namna hii, mtu hujitahidi sana kwa muda mfupi, kisha hupumzika kwa muda mrefu. Hapa mambo yamegeuzwa: mtu hujitahidi kwa dakika tatu hivi, naye hupumzika kwa nusu dakika tu. Moyo haupati nafasi ya kutulia. Njia ya kupishanisha nguvu na pumziko imechunguzwa na wataalamu. Mjapani mmoja, Izumi Tabata, pamoja na wenzake, walitoa uchunguzi wao mwaka 1996. Walionyesha kwamba vijana waliokwisha kuzoea michezo, wakiendesha baiskeli isiyokwenda kwa sekunde 20 za nguvu nyingi na sekunde 10 za kupumzika, mara saba au nane hivi, kwa majuma sita, walipata pumzi nyingi zaidi. Njia hii, basi, ina faida ya kweli. Lakini angalia, wale walikuwa vijana wenye mazoea, si mtu aliyekaa kitini miaka kumi.

Hapo ndipo penye jambo kubwa la leo, nami nawaomba msikilize sana. Mwaka 2015 ulifanywa uchunguzi wa afya katika nchi yetu nzima. Ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamepimwa hata mara moja maishani. Shinikizo la damu halipigi hodi. Mtu aweza kuwa nalo miaka mingi, akila vizuri na kulala vizuri, asijue. Mtu kama huyo akiamka siku moja na kuanza kuruka kwa nguvu zake zote, anauweka moyo wake hatarini.

Kwa hiyo kabla ya kununua viatu, kapimwe kwanza. Kupima shinikizo la damu ni kazi ya dakika chache, nawe waweza kupimwa katika zahanati iliyo karibu nawe, au katika hospitali kuu ya Thika. Kama umepita miaka 40, kama una sukari, kama baba au mama yako alipatwa na ugonjwa wa moyo akingali kijana, kama una mimba au umejifungua karibuni, kama magoti au mgongo hukusumbua, sema na daktari kwanza. Huo si woga. Hata mjenzi hupima kiwanja kabla ya kuchimba msingi.

Haya, umepimwa, nawe umeruhusiwa. Siku ya kwanza utapewa mtihani wa mazoezi manane, kila moja kwa dakika moja, nawe utaandika idadi uliyoweza. Iandike kwa kweli, hata ikiwa ndogo, kwa maana utaurudia mtihani huo kila baada ya majuma mawili, na ile idadi ndogo ndiyo itakayokuonyesha ulikotoka.

Siku ya pili wengi hushangaa. Yale mazoezi ya kupasha mwili moto, ambayo walidhani ni ya kuanzia tu, huwachosha kabisa, kwa kuwa hurudiwa mara tatu, na kila mara kwa mwendo wa kasi zaidi. Jasho litatiririka. Utahema. Utatamani kuzima televisheni. Lakini watazame vizuri wale walio katika picha nyuma ya mwalimu: nao husimama, hushika magoti, hupumua, kisha huendelea. Mwalimu mwenyewe husimama. Kupumzika si kushindwa. Ukishindwa kusema hata maneno matatu, simama mpaka pumzi irudi.

Siku ya tatu utaamka na mwili wote unauma. Kushuka ngazi kutakuwa kazi, na kuketi kitini kutakuwa kazi nyingine. Usiogope. Nyuzi ndogondogo za misuli zimeumia kidogo, na mwili unazitengeneza ziwe imara kuliko kwanza. Maumivu ya namna hii huzidi siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Tembea polepole, kunywa maji, lala mapema.

Lakini yako maumivu mengine yasiyo ya kuvumiliwa. Ukisikia kifua kinabana, au maumivu yanakwenda kwenye mkono au taya, ukiona kizunguzungu au kuzimia, acha mara moja, na uende hospitali. Goti au kifundo cha mguu kikivimba, acha kuruka. Na kama baada ya mazoezi makali mkojo wako umekuwa mweusi kama chai ya rangi, na misuli imevimba na kuuma kupita kiasi, usingoje kesho. Hiyo ni dalili kwamba misuli imevunjika sana na kumwaga vitu vyake katika damu, navyo vyaweza kuziharibu figo. Jambo hili hutokea mara chache, lakini humpata hasa mtu anayeanza kwa pupa.

Juma la pili ndilo la kujaribiwa. Mtu hupanda juu ya mizani akitazamia kuona amepungua, naye huona uzito ni ule ule, au umeongezeka kidogo. Moyo humvunjika. Wengi huacha hapo, na kujiita wavivu. Ndugu yangu, elewa kwamba misuli inayotengenezwa hushika maji, na kwa hiyo mizani haiwezi kukuambia yote mapema hivyo. Tafuta dalili nyingine. Je, wapanda ngazi bila kuhema kama zamani? Je, walala vizuri? Je, mapigo ya moyo wako unapoamka asubuhi yamepungua? Hizo ndizo habari njema za mwili, nazo mara nyingi hutangulia mizani.

Sasa neno juu ya chakula. Programu hizi huja na vitabu vya mapishi ya kigeni, na mtu wa Ruiru akivisoma hudhani hawezi mpaka awe tajiri. Sivyo. Mwili wataka vyakula vya kujenga, nao utavipata katika githeri, ndengu, maharagwe, mayai, maziwa na omena. Wataka vyakula vya nguvu, nao utavipata katika nduma, viazi vitamu, ndizi na ugali wa kiasi. Mboga za sukuma wiki na terere zipo sokoni, na matunda hayatupungukii. Punguza sukari katika chai, na soda, na vyakula vilivyokaangwa kwa mafuta mengi. Lakini usijinyime chakula katika siku zile zile unazouchosha mwili, usije ukaanguka.

Tena kuna nyumba yenyewe na jirani. Sakafu ya saruji ni ngumu kwa magoti. Vaa viatu vya michezo na utandike mkeka mnene. Kama wakaa ghorofani, kumbuka aliye chini yako. Mama mwenye mtoto mchanga hatakushukuru ukiruka juu ya kichwa chake saa kumi na moja alfajiri. Zungumza naye, chagua saa nzuri, na yale ya kuruka waweza kuyafanya kwa kupiga hatua bila kuruka. Faida utaipata hata hivyo.

Na ndani ya nyumba, maneno yetu yana uzito. Baba humwambia mkewe mbele ya watoto kwamba amenenepa, naye mama huanza mazoezi kwa uchungu, siyo kwa furaha. Mwili uliozaa na kunyonyesha wastahili heshima. Afadhali baba avae viatu, aseme, "Mama watoto, tufanye pamoja," hata kama yeye ndiye atakayechoka kwanza. Watoto watacheka, kisha nao watajiunga.

Jambo la mwisho ni pumziko. Yako mawazo kwamba mtu akizidisha mazoezi, atafika upesi. Lakini hata wakimbiaji wetu hodari wa Iten na Kaptagat hawakimbii kwa nguvu zote kila siku; siku ngumu hufuatwa na siku nyepesi. Mwili hujengwa wakati wa kupumzika. Kwa hiyo siku ile moja ya juma usiiibe. Na siku 60 zikiisha usirudi kitini. Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2020, lawataka watu wazima wafanye mazoezi ya kadiri dakika 150 mpaka 300 kwa juma, au makali dakika 75 mpaka 150. Dakika 150 ni nusu saa ya kutembea kwa haraka siku tano. Yule asiyeziweza siku 60 za kuruka, hiyo aiweza: ashuke katika matatu kituo kimoja kabla ya kwake, atembee.

Wapendwa, Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo, katika waraka wa kwanza, sura ya nne na mstari wa nane, hakuyadharau mazoezi ya mwili. Alikubali kwamba yana faida yake, kisha akayaweka mahali pake, chini ya utauwa. Nasi tuyaweke hapo hapo. Mtu asiuabudu mwili wake mbele ya kioo, wala asiuache uharibike kama shamba lisilo na mwenyewe. Mwili tumepewa tuutunze, ili tuweze kufanya kazi, kulea watoto na kuwatembelea wagonjwa, tusiwe sisi wenyewe wa kutembelewa kabla ya wakati.

Basi wiki hii fanya jambo moja tu. Kabla hujaanza programu yoyote, nenda ukapimwe shinikizo la damu, wewe na mwenzako wa nyumbani. Mazoezi yatakungoja.