Fahamu: Dalali wa nyumba aliyesajiliwa huadhibiwaje Singapore?

Tangu 2010 madalali wa nyumba nchini Singapore husimamiwa na chombo cha serikali kiitwacho Council for Estate Agencies. Asiyesajiliwa haruhusiwi kufanya udalali.

Makosa yanayowaponza wengi si ya ajabu: tangazo lenye maelezo ya uongo, kumficha mteja maslahi binafsi, kushika pesa zisizowahusu. Huko dalali haruhusiwi kabisa kupokea fedha za kununua au kuuza nyumba, wala kodi ya nyumba za serikali za HDB. Pia hawezi kumwakilisha muuzaji na mnunuzi katika biashara moja. Kwa waliozoea dalali anayekula huku na huku, hilo ni jambo zito.

Kosa dogo huleta barua ya karipio, pengine na faini isiyozidi dola 5,000 za huko. Zito hupelekwa mbele ya kamati ya nidhamu, ambayo tangu 2021 inaweza kutoza hadi dola 100,000, kusimamisha usajili au kuufuta.

Lakini kinachouma zaidi, nadhani, ni rejista ya mtandaoni: mteja akitafuta jina la dalali, anaona pia adhabu aliyopewa.