Dume halii, binti huvumilia: malezi yanayowachelewesha watoto hospitali

Pita Masumbwe siku ya mnada usikilize wazazi wanavyosema na watoto wao. Wa kiume akijikwaa akalia huambiwa, "Nyamaza, wewe dume." Wa kike akilalamika kuwa ndoo ni nzito huambiwa azoee, la sivyo kwa mumewe atafanya nini? Wazazi hao wanawapenda watoto wao, na wanawaandaa kwa maisha wanayoyajua wao. Lakini maneno hayo hufika hadi kwenye chumba cha daktari, ndiyo maana wiki hii naweka kando presha na kisukari nizungumze nawe kuhusu malezi.

Chukua mvulana wa miaka 13 anayeshtuka usingizini kwa maumivu makali ya korodani moja. Anatapika, na tumbo la chini linauma. Kumwambia mama anaona aibu, kwa baba anaogopa kuonekana legelege. Asubuhi anasema ni tumbo, anapewa dawa ya minyoo. Jioni korodani imevimba, jirani anasema hiyo ni ngiri, inatafutwa mizizi. Kumbe ndani, mshipa unaoishikilia korodani na kuipelekea damu umejisokota kama kamba ya kisimani. Akifanyiwa upasuaji ndani ya saa 6 hivi, korodani nyingi hupona. Ikipita siku nzima, mara nyingi kinachobaki ni kuikata. Tatizo hili huwapata zaidi vijana wanaobalehe, umri uleule tunaoanza kuwaambia kwamba sasa ni wanaume. Mtoto huyu alihitaji kuweza kusema, saa 8 usiku, "Baba, korodani inaniuma," bila kuchekwa.

Sasa njoo kwenye kichocho. Kanda ya Ziwa ina majaruba ya mpunga, malambo ya mifugo na madimbwi ambamo wanaishi konokono wanaobeba vimelea vya ugonjwa huu. Wavulana huogelea na kunywesha ng'ombe humo, wasichana hufua na kuchota maji. Wote huambukizwa, lakini angalia tunavyowapokea. Mvulana akikojoa damu, zipo jamii za Afrika zilizolichukulia jambo hilo kama dalili ya kukua, sawa na binti kuvunja ungo. Wenzake humpongeza. Kwa msichana, mayai ya vimelea vya kichocho cha mkojo huweza kukaa ukeni na kwenye shingo ya kizazi, yakaleta vidonda, uchafu na kutokwa damu. Vidonda hivyo vinaweza kuzuia ujauzito baadaye, na vinahusishwa na hatari kubwa zaidi ya kupata VVU.

Dalili hizo zinafanana na za magonjwa ya zinaa. Binti ambaye hajawahi kukutana na mwanamume hunyamaza akihofia kuitwa mhuni, na akisema, swali la kwanza nyumbani huwa, "Ulikuwa na nani?" Ugonjwa ni mmoja, wa maji yaleyale. Mmoja anasifiwa, mwingine anashukiwa, na wote wawili wanabaki bila dawa. Dawa yenyewe, prazikwanteli, si ngeni, maana hugawiwa shuleni kwenye maeneo yenye ugonjwa. Wanaokosa kirahisi ni wale wasiokuwepo siku hiyo: mvulana aliyeko machungani na msichana aliyepelekwa mjini kufanya kazi za ndani.

Chakula nacho kina jinsia, hata kama hatusemi. Kliniki husikii mara moja tu kwamba mtoto wa kiume hashibi maziwa ya mama, kwa hiyo ameanzishiwa uji akiwa na miezi mitatu. Tumbo lake halijawa tayari, na uji huo mwepesi humletea kuhara na kuchukua nafasi ya maziwa. Udume haubadilishi kitu hapo: miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama pekee kwa wote. Tena tafiti za lishe nchini zinaonyesha kwamba miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano, waliodumaa ni wengi zaidi kwa wavulana. Huyo tunayemwita imara ndiye dhaifu zaidi katika umri huo.

Mambo hugeuka wakati wa kubalehe. Msichana anapoteza damu kila mwezi, anahitaji madini ya chuma zaidi ya kaka yake, halafu yeye ndiye mpishi anayejipakulia mwisho. Maini ni ya baba, firigisi ni ya baba, dagaa wamemalizwa na kaka. Akianza kuchoka na kusinzia darasani anaitwa mvivu. Mpe dagaa, maharage na mboga za majani pamoja na tunda lenye uchachu kama chungwa, na chai aiache mbali na mlo kwa sababu huzuia chuma kufyonzwa.

Halafu kuna machimbo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inahesabu uchimbaji madini kuwa kazi hatarishi kwa mtoto, lakini mvulana akionekana na nguvu watu humwona amekomaa kwa duara. Vumbi la mawe linaharibu mapafu yake taratibu, na zebaki, hasa ikichomwa, hutoa mvuke unaodhuru ubongo. Msichana anayepika jirani na mahali inapochomwa anauvuta mvuke huohuo.

Najua wapo watakaosema daktari anataka wavulana wetu wawe wasichana. Hapana. Nataka ukiwa unamwogesha mwanao umtajie viungo vyake vyote kwa majina, wa kike na wa kiume, ili siku kimoja kikiuma aweze kukitaja. Kijana ajifunze kusonga ugali na kuchota maji, binti apate muda wa kusoma kabla giza halijaingia. Kila mmoja apakuliwe sahani yake kabla ya chakula kwenda kwa wageni.

Na leo jioni waulize wote wawili rangi ya mkojo wao. Ukiwa na damu, wapeleke kituo cha afya, na usianze kwa kuuliza alikuwa na nani.