JUU YA NINI WALIHAMISHA TAKAKIA?



Kila mwaka, tukifika kwenye somo la ugawaji wa mimea, kuko wenye kuuliza: «Kama wenye elimu wanabadilisha majina, juu ya nini sisi tunayashika kwa kichwa?» Ulizo hilo ni zuri. Tunalijibu kwa habari ya mmea mmoja mdogo sana, jina lake Takakia.

Tukumbuke kwanza. Juu ya mawe yenye maji na kuta za zamani kunaota mimea midogo ya kijani, bila maua wala mizizi ya kweli. Kati yao kuko musi na kuko hepatika. Kwa macho tu, mtu anaweza kusema ni kitu kimoja.

Mwaka 1861 Mwingereza William Mitten aliandika habari za mmea uliotoka milima ya Himalaya, akauweka kati ya hepatika. Baadaye Noriwo Takaki akaona mwingine wa namna hiyo katika milima ya Japani. Majani yake si bapa, yamegawanyika sawa vidole vyembamba. Wajapani wakaupa jina lenye maana ya «hiki ni kitu gani?» Mwaka 1958 Hattori na Inoue wakauita Takakia kwa heshima yake, wakauacha kati ya hepatika. Ule wa Himalaya ukaingia chini ya jina hilo baadaye.

Lakini kitu kimoja kilikosekana: kifuko cha spora. Hakuna aliyekiona. Walihukumu bila kifuko.

Mwaka 1990 kikapatikana katika visiwa vya Aleutian, kule Alaska. David Smith na Paul Davison wakakichunguza sehemu kwa sehemu:

1. Kijiti cha kifuko. Cha hepatika ni laini. Kinarefuka haraka, halafu kinaanguka. Cha Takakia ni kigumu na kinadumu, sawa cha musi.

2. Ndani ya kifuko. Hepatika nyingi ziko na nyuzi za kusaidia kutawanya spora. Takakia hauna nyuzi. Uko na nguzo katikati, sawa musi.

3. Kufunguka. Kifuko cha hepatika nyingi kinapasuka vipande vinne. Cha Takakia kinapasuka kwa mstari mmoja wenye kuzunguka.

Mwaka 1993 wakatangaza: Takakia njo musi. Uchunguzi wa DNA ulikuja kukubali vilevile.

Basi, wenye elimu hawachezi na majina. Mmea haukubadilika hata kidogo. Ushuhuda njo uliongezeka. Mwenye kushika jina peke yake anapotea siku jina linahama. Mwenye kushika alama anaweza kueleza juu ya nini limehama. Kwa hiyo mu egzameni, wakiuliza mmea ni wa jamaa gani, tuandike jamaa, tena tuandike na alama zake. Na mvua ikipita, tuchukue kioo cha kukuza, tuende kwenye ukuta wa karibu, tutafute vifuko.

Kwa niaba ya kalasi ya sita.