Kabla ya Kununua Rejeta, Jiulize Gari Linachemsha Lini

Ukipanda Mlima Kitonga kutoka Ruaha Mbuyuni kuelekea Ilula, ni nadra kuzimaliza kona zake bila kulikuta gari limeegeshwa pembeni, boneti juu, dereva ameshika kidumu cha maji. Limechemsha. Maji yatamiminwa, safari itaendelea, na kesho fundi atasema rejeta imekufa.

Nami nilishanunua rejeta kwa mtindo huo. Wiki haikuisha, gari likachemsha tena kwenye foleni. Rejeta yangu ya zamani haikuwa na tatizo lolote: feni ndiyo ilikuwa haizunguki, kwa sababu ya waya uliolegea kwenye soketi. Fundi hakuniuliza chochote, nami sikumweleza kwamba gari lilikuwa likichemsha mjini tu. Maelezo hayo yangeniokolea fedha nyingi.

Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likishika kasi linakosa upepo. Likitembea, upepo wa barabara huipoza rejeta. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni. Acha injini iungurume hadi ipate moto, kisha utazame. Kama feni ya umeme haijawaka geji inapoanza kupanda, kagua fyuzi, relei, nyaya na mota yake.

Linalochemsha mlimani au kwenye mwendo mkali, huku mjini likiwa salama, mara nyingi maji yake hayazunguki au hayapozwi vya kutosha. Huenda rejeta imeziba ndani kwa kutu na chumvi ya maji ya bomba, au nje kwa matope na wadudu. Huenda mapanga ya pampu yamelika. Huenda pia thamostati imekwama. Kifaa hiki kidogo hufunguka maji yakifika nyuzi 82 hadi 90 hivi. Mpira wa juu wa rejeta ukiwa wa moto sana na wa chini ukabaki baridi, kianze kushukiwa hicho.

Hapa mafundi wengi huing'oa thamostati na kuitupa. Si tiba. Injini huchelewa kupata joto lake, ikala mafuta zaidi na kuchakaa mapema. Tena kwenye baadhi ya injini, bila thamostati sehemu ya maji huzunguka ndani kwa ndani bila kupita kwenye rejeta, na gari likazidi kuchemsha.

Mfuniko wa rejeta nao husahaulika. Usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 100. Iringa mjini, juu ya mita 1,500, huchemka kwa takriban nyuzi 95. Mfuniko mzima hushikilia mgandamizo, na maji yakastahimili hadi karibu nyuzi 120. Springi au mpira wake ukichoka, maji huchemka mapema hata kama vingine vyote ni vizima.

Kama maji yanapungua kila siku na chini hakuna tone, ogopa gasketi ya silinda hedi. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua mfuniko, kisha uwashe. Mapovu yasiyokoma, moshi mweupe mzito usioisha, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, ni dalili za kusimamisha safari.

Likichemsha njiani, zima kiyoyozi, washa hita kwa nguvu zote ili ipunguze joto la injini, tafuta pa kuegesha na uzime. Usifungue mfuniko kabla ya nusu saa au zaidi. Mvuke wake huunguza uso na mikono. Usimwagie injini ya moto maji baridi, maana hedi ya alumini inaweza kupinda au kupasuka. Na geji ikishuka ghafla, usishangilie: maji yakiisha kabisa, kihisio hubaki hewani na mshale unaweza kushuka huku injini ikiungua.

Ukifika gereji, mweleze fundi lilichemsha wapi, kwa mwendo gani, maji yalipungua kiasi gani na feni ilikuwa ikizunguka au la. Kisha mwombe akague mfuniko, feni na mipira mbele yako, kabla hamjazungumza bei ya rejeta.