Titan: mlio uliosikika miezi kumi na moja kabla ya ajali

Ijumaa tarehe 15 mwezi wa saba 2022, chombo cha kuzamia kiitwacho Titan kilikuwa kinapanda kutoka kwenye mabaki ya meli Titanic, chini ya bahari ya Atlantiki. Kilipokaribia juu ya maji, waliokuwa ndani walisikia mlio mkubwa. Walifika salama. Stockton Rush, mkubwa wa kampuni ya OceanGate, alisema ni chombo tu kilichosogea katika fremu yake.

Tarehe 18 mwezi wa sita 2023, Titan ilivunjika ndani ya maji na kuua watu wote watano, Rush mwenyewe akiwemo.

Miisho yake ilikuwa ya titani. Lakini sehemu ya kati, mlimokaa watu, ilikuwa ya nyuzi za kaboni zilizoshikwa na gundi na kuzungushwa, tabaka juu ya tabaka, mpaka unene wa karibu sentimita 13. Fundi wa mbao anayejua tripleksi ataelewa haraka: tabaka jembamba ni dhaifu, yakishikana yanakuwa na nguvu. Ila mvua ikishaingia katikati, uso unaweza kubaki safi. Ni ukigonga ndipo unasikia uvungu.

Tena uzi unapenda kuvutwa, si kusukumwa. Ndiyo maana nyuzi za kaboni zinafaa sana kwa chupa za gesi, ambamo nguvu inatoka ndani. Chini ya bahari ni kinyume: penye Titanic, kwa mita 3.800, maji yanakandamiza kila sentimita mraba kwa zaidi ya kilo 380. Hapo gundi ndiyo inazuia nyuzi zisijikunje. Gundi ikiachia, kazi imekwisha.

Chuma kikichoka, mara nyingi kinajipinda au kinaonyesha ufa. Tabaka za kaboni zinaweza kuachana ndani, na mtu akipitisha mkono juu yake asihisi kitu. Kwa hiyo ndege zilizojengwa kwa kaboni zinapimwa kwa mawimbi ya sauti. Titan haikupewa cheti na shirika lolote la ukaguzi wa vyombo vya majini.

Linaloumiza zaidi ni kwamba chombo kilikuwa na vipimo vyake. Wachunguzi wa Marekani waliona kwamba baada ya mlio ule, namba zilibadilika: mwili wa Titan haukujikaza tena kama zamani. Hata hivyo kilipitisha majira ya baridi nje, huko St. John's nchini Kanada, kisha kikarudishwa kazini.

Katika mabaki ya utengenezaji wake, wachunguzi walikuta mikunjo na vitundu vya hewa kati ya nyuzi. Na vipande vilivyookotwa chini ya bahari vilikuwa vimeachana tabaka kwa tabaka, palepale penye gundi.